Maji ndani ya mashine: Kompyuta ya lita 18 yapambana na joto la Homa Bay

"Maji na stima pamoja? Nyinyi mnataka kuniulia mtoto?"

Aliyeuliza ni mama mmoja mjini Homa Bay, Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Mezani, kompyuta ya mwanawe ilikuwa imevuliwa pande zote, skrubu zimepangwa ndani ya kifuniko cha mkebe wa rangi. Fundi, kijana aliyetoka Migori na matatu ya alfajiri, aliweka bisibisi chini kwanza kwa adabu.

"Hapana, Mama. Ni kama rejeta ya gari. Maji yamefungwa huko ndani, hayatoki."

"Rejeta huvuja," mama akasema, akaondoka na chai yake.

Kusema kweli mama hakukosea, na fundi alilijua hilo. Tutafika kwenye kuvuja. Kwanza tueleze kwa nini kijana wa miaka 27 wa Homa Bay anahitaji rejeta ndani ya kompyuta, wakati cyber karibu zote za huku zinaendeshwa na mashine za ex-UK ambazo hazijawahi kulalamika.

Kijana huyu ni mtu wa video. Anapiga harusi, uzinduzi wa albamu za injili, mechi za mashinani, na zaidi ya yote matanga. Kazi ya kurusha mazishi moja kwa moja mtandaoni ilishika kasi mwaka wa 2020, wakati wa corona, serikali ilipopunguza waombolezaji hadi watu 15. Corona ilipotulia, kazi ilibaki. Siku hizi familia yenye mtoto Dallas, binti Doha na shemeji Mombasa haizikwi mtu bila laivu. Kamera tatu, maikrofoni, jina la marehemu likipita chini ya skrini, na mashine ya kuchanganya vyote hivyo papo hapo. Mazishi hayarudiwi. Laivu ikikwama wakati jeneza linateremshwa, hakuna cha kumwambia yule binti wa Doha.

Ndiyo maana mashine yake ni ndogo. Leo iko Ndhiwa, kesho Kendu Bay, wikendi ijayo Mbita au Rusinga. Inasafiri kwenye buti ya Probox au mbele ya mtu aliyekaa juu ya boda, imefungwa kwa blanketi. Kwa nini asinunue laptopu tu? Nilimuuliza. Alicheka. Laptopu ya nguvu hiyo, alisema, ikiungua bodi imekufa yote. Hii yake kila kiungo kinafunguliwa na kubadilishwa. Pia ameilipia kidogo kidogo kwa miaka miwili, kwa pesa za chama, na haiuzi leo wala kesho.

Kasha lenyewe ni Cooler Master NR200, lilitoka 2020 na linajulikana sana kwa wajenzi wa mashine ndogo. Ujazo wake ni lita 18.25. Lita hizo ni chache kuliko mtungi wa maji wa lita 20 unaoujua. Humo ndani kuna bodi ya Mini-ITX, yaani mraba wa milimita 170 kwa 170, saizi iliyobuniwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka wa 2001. Kuna prosesa ya Ryzen 7 5800X yenye viini vinane, kadi ya grafiki ya RTX 3060, na pawa saplai ndogo ya aina ya SFX. Ni mashine ya kazi hasa. Shida yake ni pumzi.

Boxer na matatu

Ukitaka kuelewa kupoza kompyuta, tazama barabara ya Migori.

Boda nyingi, Boxer kwa mfano, hazina rejeta. Injini ina mapezi ya chuma kwa nje, na upepo wa safari ndio unaopita na joto. Rahisi, nyepesi, haina cha kuvuja. Matatu nayo ina maji yanayozunguka: yanachukua joto kwenye injini, yanalipeleka mbele kwenye rejeta, feni inalipeperusha, yanarudi. Kwa nini matatu isitumie mapezi kama boda? Kwa sababu injini yake imefungiwa ndani ya boksi, upepo haiufikii, na joto ni jingi. Lazima libebwe lipelekwe mahali penye upepo.

Kompyuta ni vivyo hivyo. Kipoza cha kawaida cha hewa ni mapezi ya alumini na feni juu yake, Boxer kabisa. Kwenye kasha kubwa kinafanya kazi safi kwa miaka kumi. Lakini ndani ya lita 18, kadi ya grafiki ikiwa imelala pale chini ikitapika wati 170 za joto, kile kipoza kinavuta hewa ambayo tayari imeshaokwa.

Maji yana sifa moja ambayo mwalimu wa fizikia alikuambia ukasahau: yanabeba joto jingi mno. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa, kwa kupanda digrii ileile moja. Kwa hiyo mpira mwembamba kama kidole unaweza kulihamisha joto la prosesa kutoka katikati ya msongamano hadi ukutani mwa kasha, kwenye rejeta ya milimita 240 yenye feni mbili, ambako kuna hewa ya nje.

Wazo lenyewe si geni. Kompyuta kubwa za IBM zilikuwa zikipozwa kwa maji miaka ya 1960. Cray-2 ya mwaka wa 1985 ilizamishwa nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Apple nao waliuza Power Mac G5 yenye kupozwa kwa maji mwaka wa 2004, na baadhi ya mashine hizo zilikuja kuvuja zikaharibu bodi na pawa saplai. Mama wa Homa Bay angewaambia. Vipoza vya leo ni vya kufungwa kiwandani: pampu, mipira na rejeta vyote kipande kimoja, na huongezi maji wala hufungui kitu.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha, nami nalirudia kila nikiulizwa: maji hayaishushi prosesa chini ya joto la chumba. Hayawezi. Rejeta inapoza kwa kutumia hewa iliyopo, na hewa iliyopo Homa Bay saa nane mchana chini ya paa la mabati ni shughuli nyingine. Zile video za YouTube zinazoonyesha prosesa ikitulia digrii 65 zimepigwa kwenye vyumba vya digrii 21 huko Marekani au Ujerumani. Ongeza digrii kumi za chumba, na prosesa nayo inaongeza kumi zake, karibu sawasawa.

Isitoshe, tuko juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Migori iko juu zaidi. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ileile, ikizunguka kasi ileile, inasukuma hewa yenye uwezo mdogo kidogo wa kubeba joto. Si tofauti ya kukunyima usingizi, ila inajumlishwa kwenye hesabu.

Sababu halisi ya kuchagua maji

Nilipofika nilidhani wamechagua maji kwa ajili ya baridi. Kumbe sababu kubwa ya fundi ilikuwa barabara.

Kipoza kizuri cha hewa cha aina ya mnara kina uzito wa gramu 700 hadi kilo nzima, na chote kinaning'inia kwenye bodi nyembamba yenye upana wa kitabu cha daftari. Iweke mashine hiyo kwenye boda, ipitishe kwenye murram ya kuelekea boma fulani ndani kabisa, na kila shimo ni nyundo. Kipoza maji kinaweka sehemu ndogo tu juu ya prosesa. Uzito uliobaki, yaani rejeta na feni, unabebwa na chuma cha kasha. Kwa mashine inayokaa mezani Nairobi hoja hii haina maana. Kwa mashine ya matanga ina maana sana.

Kipoza cha zamani kilikuwa cha hewa, kile kifupi, kilichowekwa kwa haraka wakati pesa zilikuwa zimeisha. Kilikuwa kinapiga kelele kama posho mill, na kila video ikirendiwa prosesa ilifika digrii 90 na kukaa hapo. Tisini ndio ukomo uliowekwa na AMD kwa 5800X. Ikifika hapo haiungui. Inajipunguzia kasi yenyewe hadi joto litulie. Kwa hiyo humwoni moshi wala hupati onyo. Unaona tu kazi ya dakika arobaini ikichukua karibu saa, na kwenye laivu picha zinaanza kurukaruka.

Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza ilikuwa kung'oa kile cha zamani, na hapa ndipo wengi hulia. Prosesa za AMD za soketi AM4 zina pini chini yake, nyembamba kama nywele, na soketi yenyewe ina matundu 1,331. Pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipoza inashika kama gundi. Ukivuta kipoza moja kwa moja kwenda juu, unaweza kuing'oa prosesa pamoja nacho, na pini zikapinda. (Kwenye AM5, iliyoingia 2022, pini zimehamia kwenye bodi na prosesa inabanwa kwa chuma. Shida hii imekwisha huko, ingawa bei nayo ni ya huko.)

Fundi aliwasha mashine kwanza, akaiachia irendi video kwa dakika kumi ili pesti ilainike. Akazima, akachomoa waya ukutani, akashika kipoza kwa mikono miwili na kukizungusha kushoto na kulia polepole, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa ya asali. Hakuvuta hadi aliposikia kimeachia. Chumba kizima kilikuwa kimya. Kikatoka peke yake, prosesa ikabaki.

Akafuta pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Akafungua vile vishikio viwili vya plastiki vya AM4 na kuviweka kwenye bahasha, lakini bamba la chuma la nyuma ya bodi akaliacha, kwa kuwa kipoza kipya kinalitumia hilohilo. Ukilegeza skrubu zote nne kwa pamoja, bamba hilo huanguka nyuma, na kwenye kasha dogo kama hili itabidi utoe bodi nzima kulifuata. Yeye alilishikilia kwa kidole.

Kisha rejeta. Kwenye NR200 kuna fremu ya chuma ya ubavuni inayotoka yote, na hilo ni jambo la kushukuru, maana unafunga rejeta na feni ukiwa umekaa mezani, halafu unairudisha fremu mahali pake. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27, feni milimita 25. Jumla 52. Kadi ya grafiki ndefu au nene sana isingeacha nafasi hiyo. Pima kabla ya kulipa, si baada.

Sasa ile habari ya kuvuja. Ukiondoa uzee wa mipira, njia rahisi kabisa ya kutoboa rejeta mpya ni skrubu. Ndani ya boksi kuna za aina mbili: ndefu za kupitia kwenye feni, na fupi za kufunga rejeta moja kwa moja kwenye chuma. Ukitumia ndefu pale penye fupi, ncha inaingia kwenye mifereji ya maji na umekwisha. Hakuna gundi wala garantii. Fundi alizitenga kwenye vikombe viwili kabla ya kugusa chochote. Nilipomuuliza kama huo si uoga, alinijibu, "Omera, hii si yangu." Hakuna jibu bora zaidi ya hilo.

Upande wa kuelekeza nao una kanuni yake. Ndani ya mfumo huwa kuna hewa kidogo, na inaongezeka mwaka hadi mwaka kwa sababu maji hupenya polepole kwenye mipira na kutoweka. Hewa hupanda juu. Kama sehemu ya juu kabisa ya mfumo ni pampu, hewa itakaa kwenye pampu, itaanza kukoroma kama mzee baada ya ugali, na mwishowe itakufa. Kwa hiyo kichwa cha rejeta lazima kiwe juu ya pampu. Kwenye kasha hili, rejeta ikikaa ubavuni, hakikisha jambo hilo kabla ya kufunga. Ila mashine ikisafirishwa imelala, hewa hutembea. Ikifika, isimamishe, iwashe, iache dakika kadhaa kabla ya kuipa kazi. Ukisikia mlio wa maji mara ya kwanza, usishtuke.

Pesti mpya, tone kama punje ya njegere katikati. Ile karatasi laini ya plastiki chini ya pampu ikatolewa (usicheke, watu huisahau). Pampu ikakaa, skrubu zikafungwa kwa mshalaza, kidogo hapa kidogo pale, ili isibane upande mmoja.

Nyaya ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Bodi ndogo ina sehemu mbili au tatu tu za kuchomeka feni, na hapa kulikuwa na feni nne na pampu. Feni zikaunganishwa kwa kigawanyio. Pampu ikapewa tundu lake, na kwenye BIOS ikawekwa izunguke kwa kasi yote wakati wote. Ukiacha bodi iamue yenyewe, itapunguza kasi ya pampu kila prosesa ikitulia, kana kwamba ni feni. Kingine: tundu lililoandikwa la feni ya prosesa likiwa tupu, mashine hukataa kuwaka na kutoa onyo. Wengi hukimbilia kufikiri wameua bodi. Hawajaua kitu.

Karatasi ya chooni ikalazwa chini ya kila kiungo, mashine ikawashwa, tochi ya simu ikapitishwa. Kavu.

Digrii 87

Saa saba na nusu wakairudishia video ileile ya harusi ya Jumamosi iliyopita. Kipimajoto cha ukutani kilisoma 31. Sote tukatazama skrini. Sabini. Sabini na nane. Themanini na tatu. Ikasimama 87.

Mwenye mashine hakusema neno. Hizi ni pesa za matanga matatu.

Kosa halikuwa la kazi. Ni umbile la prosesa yenyewe. 5800X inaruhusiwa kula hadi wati 142, na karibu joto lote linatoka kwenye kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la milimita mraba 80 hivi, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Maji yanaweza kubeba joto hilo bila shida. Kinachochelewa ni joto lenyewe kutoka kwenye hicho kiukucha na kuyafikia maji. Ni kama uwanja uliojaa wenye mlango mmoja: hata ukileta mabasi mia nje, watu wanatoka mmoja mmoja.

Walijaribu kugeuza feni. Mwanzo rejeta ilikuwa inapuliza kwenda nje, maana yake ilikuwa inapozwa kwa hewa iliyokwisha kupashwa na kadi ya grafiki. Wakazigeuza zivute hewa ya nje kuingia ndani, na feni za juu zitoe. Prosesa ikashuka digrii nne, kadi ikapanda tatu. Biashara nzuri, kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi ya kutosha.

Kisha fundi akaingia BIOS na kuwasha kitu kinachoitwa Eco Mode, mpangilio wa AMD wenyewe unaoiambia 5800X ijifanye prosesa ya daraja la wati 65, yaani isivuke wati 88. Video ikarudiwa. Ikasimama digrii 68. Na muda? Kwa kipoza cha zamani ilichukua dakika 52. Kwa maji bila kupunguza umeme, 44. Kwa maji na Eco Mode, 47. Dakika tatu tu zimepotea, na kelele imeshuka hadi tukaanza kusikia redio ya jirani.

Hapo ndipo swali gumu linajitokeza, na nililiuliza mbele ya wote wawili: je, Eco Mode, ambayo ni bure, isingetosha na kile kipoza cha zamani? Fundi alikubali kwamba ingesaidia sana, pengine ingeshusha hadi kwenye themanini na kitu. Kwa mashine ya kukaa mezani angeanzia hapo, na pengine angeishia hapo. Nami naungana naye. Ukiwa na mashine inayochemka, kabla hujatuma pesa Nairobi, safisha vumbi, badilisha pesti, washa Eco Mode. Gharama yote ni mchana mmoja na tyubu ya pesti. Kama bado inakusumbua, ndipo uzungumze habari ya maji.

Lakini hema la matanga si chumba cha digrii 31. Saa tisa alasiri chini ya turubai jeusi, sufuria zikichemka nyuma yako, hewa ni nzito. Digrii 68 zinaacha nafasi ya kupanda. Themanini na kitu haziachi. Kuna na faida ya pili ambayo haikuwa kwenye mpango: mashine sasa inakula wati 54 pungufu, na kwenye jenereta ya kukodi ambayo tayari inabeba spika na taa, hilo si dogo. Kwa laivu yenyewe aliambiwa atumie kiunda video kilicho ndani ya kadi ya grafiki, si prosesa, na nashangaa kwamba watu wengi wenye kadi hizo bado hawajui kwamba wanacho.

Vumbi, wadudu na basi la usiku

Rejeta inayovuta hewa kuingia ndani ni ufagio. Kila kilichoko hewani kinakwama pale. Migori shida ni vumbi. Homa Bay kuna kingine: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mamilioni kama moshi juu ya maji, halafu usiku wanavamia kila penye taa. Sasa fikiria feni za rejeta zenye taa za rangi saba, zinawaka usiku kucha dirisha likiwa wazi. Umewaandikia mwaliko. Kwa hiyo taa zilizimwa zote, na kichujio cha wavu kikawekwa ubavuni. Kinatolewa na kukung'utwa kila Jumatatu. Kifuniko cha kioo, ambacho mwenyewe alikipenda kwa ajili ya picha za Instagram, kimerudi kwenye boksi, maana kioo mbele ya rejeta ni sawa na kufunga pua ya mtu na kumwambia akimbie.

Umeme unahitaji sentensi zake. Pampu ikikosa stima ghafla haiharibiki, lakini kazi iliyokuwa ikirendiwa inapotea, na stima kurudi kwa kishindo ndiyo inayoua pawa saplai. Waliokuwa kazini Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipozimika, hawahitaji kushawishiwa kununua UPS.

Kubwa linalobaki ni vipuri. Kipoza maji huishi miaka mitano au sita hivi kabla ya pampu kuchoka au maji kupungua. Feni ya kipoza cha hewa ikifa, mapezi bado yapo na utapata nyingine mjini, hata Migori. Pampu ikifa, prosesa inapanda hadi ukomo ndani ya dakika chache, na kifaa kizima ni cha kutupa. Kipya kiko Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka Migori, na kinakuja na basi la usiku kikipata muuzaji aliye nacho. Ukifiwa na pampu Ijumaa jioni na mazishi ni Jumamosi, basi la usiku halitakufaa.

Fundi alikuwa amelifikiria hilo. Kabla ya kuondoka kuwahi matatu ya Rongo, alisafisha kile kipoza cha zamani kwa mswaki, akakifunga kwenye gazeti pamoja na ile bahasha ya vishikio vya plastiki, skrubu zake nne na nusu tyubu ya pesti. Akamwonyesha mwenye mashine jinsi ya kukirudisha, mara mbili, kisha akampa bisibisi ajaribu mwenyewe. Kifurushi hicho sasa kinasafiri kwenye begi la kamera kila penye matanga, na Eco Mode haizimwi.

Mama alirudi jioni kuchukua kikombe. Aliinama, akachungulia ubavuni mwa kasha, akapitisha kidole chini yake na kukitazama.

"Leo iko kavu," alisema.